Maziwa ya Aliyemrudisha Elieza

Sogeeni. Mwenye chungu jikoni akakiangalie kwanza, maana nikianza sirudi nyuma. Hadithi hii haina sungura wala zimwi. Ina maiti, ina mama wa maiti, na ina watu watatu ambao kila mmoja alizaliwa na kitu chake.

Wa kwanza, Magesa, alipewa mgongo. Alikulia kando ya ziwa akibeba magunia ya dagaa, na alipoingia jeshini wenzake waligundua kwamba mzigo ukishakaa mgongoni mwake hautui mpaka ufike. Wa pili, Ndeshi, alipewa macho. Hakuwa na maneno mengi, lakini hakuna muuza maharage aliyewahi kumchanganyia ya msimu uliopita na ya msimu huu bila yeye kugundua. Wa tatu, Shekivuli, mchinja nyama wa kijiji cha Vumbwe, alipewa mdomo. Mdomo ule uliwahi kumchekesha mchungaji akiwa anaombea maiti, na uliwahi kumfanya mwenyekiti wa kijiji ahamie upande wa pili wa bonde kwa aibu.

Mama wa maiti aliitwa Nakijwa. Alikuwa mkulima wa tangawizi, mjane, mwenye mtoto mmoja tu, Elieza, ambaye alikuwa askari. Ndeshi alikuwa mke wa Elieza. Magesa alikuwa mwenzake kikosini. Shekivuli alikuwa mtani wa ukoo wao, na mtani mnamjua: ni mtu mwenye ruhusa ya kukutukana ukiwa unalia.

Sasa sikieni sheria ya Vumbwe, kwa sababu bila hiyo hakuna hadithi. Mtu wa Vumbwe akifia ugenini, yule aliyemrudisha nyumbani hukalishwa kwenye kigoda cha marehemu siku ya kuanua matanga. Mama wa marehemu hukama maziwa, huyatia kwenye kibuyu, na humnywesha mtu huyo kwa mkono wake. Akishameza, ni mwana wa nyumba ile. Shamba la marehemu ni lake kulima, na mama akifa, yeye ndiye anayeshika jembe la kwanza kaburini. Kibuyu ni kimoja na kinywa ni kimoja. Maziwa yakinywewa na wawili, marehemu ana njia mbili na hafiki kokote. Yakimwagwa, marehemu si wa mtu.

Kwa Nakijwa, aliyekuwa hana mtoto mwingine tumboni wala duniani, sheria hiyo ilikuwa na maana moja: atakayekunywa ndiye atakayemzika.

Elieza alipelekwa nchi ya mbali kidogo, kupita nchi ya jirani, ambako watu wake walikuwa wakiuana kwa muda mrefu. Serikali ilisema anakwenda kulinda amani. Nakijwa alimuuliza amani hiyo ni ya nani, Elieza akacheka, akasema, “Mama, mimi nalinda geti la kambi na tangi la maji.” Hakuwa mtu wa maneno makubwa. Aliuawa kwenye shambulio la asubuhi, katika mtaa wa pembeni ya mji, walipokuwa wamekwenda kuchota maji.

Habari ilifika kwa redio kabla haijafika kwa mjumbe wa jeshi, na watu wakaanza kusema kabla mama hajakaa chini. Dukani pale Vumbwe wapo waliosema shujaa amelala. Wapo waliosema shujaa wa nini, alifuata posho za kigeni kama wenzake wote, na mfuata nyuki hakosi kuumwa. Mwalimu mmoja mstaafu alieleza kwa kirefu kwamba nchi isiyopeleka askari wake nje haina heshima, na alipomaliza akaulizwa watoto wake wako wapi, akasema wako benki. Kuna mwanamke aliyelia mpaka akashikwa na wenzake, na huyo huyo jioni alikuwa akimuuliza Ndeshi kama zile buti za Elieza zitabaki. Nakijwa aliyasikia yote kupitia ukuta wa mbao. Kilichomjia hakikuwa machozi. Kilikuwa kinyaa, kama cha mtu aliyefungua chungu cha jana akakuta kimeumuka.

Basi tumwone Magesa. Risasi zilipoanza, waliokuwa kwenye gari la maji walirudi nyuma kwa amri, na amri ilikuwa halali. Elieza alibaki barabarani, ameanguka kifudifudi kando ya gurudumu. Katika mtaa ule watu wa nchi ile walikuwa na hasira na askari wageni. Walisema wamekuja kula na kulala na mabinti, na kwamba risasi zikilia wao ndio wa kwanza kujificha. Wiki iliyotangulia maiti ya askari wa nchi nyingine ilikuwa imeburutwa kwa kamba, watoto wakiimba nyuma yake. Magesa alilijua hilo. Alirudi peke yake, akamgusa Elieza shingoni, akakuta ameshakufa. Akambeba hivyo hivyo. Alipita naye vichochoro, akavuka mfereji wa maji machafu uliofika kifuani, akapanda kilima cha kambi huku damu ya rafiki yake ikimwingia kwenye kola. Mgongo wake ulikuwa umeshafanya kazi ngumu zaidi, alisema baadaye, lakini hakuwahi kubeba kitu kinachopoa. Bila mgongo ule, Elieza angeishia kwenye kamba.

Sasa tumwone Ndeshi. Miili ililetwa kwa ndege, na familia zikaitwa uwanjani. Viti vya wageni vilikuwa chini ya turubai, vya familia vilikuwa juani. Majeneza yalipangwa yakiwa yamefunikwa bendera, na kila moja lilikuwa na jina. Jeneza la Elieza liliposogezwa, Ndeshi alifungua fundo la kanga yake akatoa udongo wa shamba la Elieza. Kwetu, yaani kwa watu wa Vumbwe, anayefia mbali hutiwa udongo wa shamba lake kiganjani kabla hajaianza njia ya kwao, la sivyo shamba halimpokei. Afisa mmoja kijana akamwambia kwa upole kwamba majeneza hayafunguliwi, hali ya miili hairuhusu. Ndeshi akasema yeye haombi kuangalia, anaomba mkono tu. Afisa akasema ni amri. Ndeshi akaketi chini, kwenye lami, mbele ya gari la kubebea.

Wageni wa chini ya turubai waligeuza shingo. Simu zikainuliwa. Kabla jua halijasogea, maneno yalikuwa yameshazagaa nchi nzima: mjane anatafuta umaarufu, mjane anadai fidia, tazama alivyojipodoa. Na wengine wakamtetea kwa matusi mabaya kuliko ya waliomshambulia. Nakijwa mwenyewe, na hili lisifichwe, alimvuta kanga. “Inuka, Ndeshi. Unatuaibisha mbele za watu.”

Ndeshi hakuinuka. Alisema jambo moja tu, kwa sauti ya mtu anayekataa maharage. “Mama, hao askari wanne wamelinyanyua jeneza kirahisi mno. Elieza hakuwa mwepesi.”

Mkubwa wa yule afisa akaja, akatazama simu zilizoinuliwa, akaona ni afadhali kufungua kuliko kuendelea kupigwa picha. Walilifungulia pembeni, nyuma ya gari. Ndani alilala mtu mfupi, mwembamba, mwenye kovu la zamani kidevuni. Mtoto wa mtu, lakini si wa Nakijwa. Elieza alikutwa kwenye lori jingine lililokuwa limeshawashwa kuelekea kusini, na mama wa yule mfupi alikuwa amesimama ubavuni mwake akilia jina lisilo la mtu aliyekuwamo. Majeneza yakabadilishwa. Udongo ukatiwa kiganjani. Wale wa kwenye simu hawakuomba radhi, walihamia kwenye ubishi mwingine, wa nani afukuzwe kazi. Bila macho yale, Nakijwa angemwaga machozi ya miaka yake yote juu ya kaburi la mgeni.

Na sasa Shekivuli. Huyu inabidi nimweleze vizuri, maana mguu wake ni sehemu ya hadithi. Wakati wa operesheni ya kuwaondoa watu kwenye msitu wa hifadhi, askari walipita Vumbwe, na mmoja wao alimvunja Shekivuli mguu kwa kitako cha bunduki akiwa amekaa chini, mikono kichwani. Mguu uliunga vibaya. Elieza hakuwamo kwenye operesheni ile, alikuwa mafunzoni mbali, lakini gwanda ni gwanda. Tangu siku hiyo Shekivuli alikuwa akisema buchani, huku akikata mbavu, kwamba gwanda likipita tena Vumbwe atalikata vipande auze kwa kilo. Vijana walicheka, na kicheko kilipoisha, chuki ilibaki.

Msafara wa jeneza ulipofika kona ya chini ya kijiji, ulikuta gogo la mkaratusi limelala barabarani na vijana wamesimama nyuma yake. Walisema Elieza ni mwenzao, apite. Lile gari na bendera visipite. Afisa aliyefuatana na jeneza akasema bendera haitoki juu ya askari mpaka anaingia kaburini. Huku wengine wa Vumbwe, waliotoka na matawi kumlaki shujaa, wakaanza kuwatukana vijana kwamba ni wahuni wasiojua nchi ni nini. Mawe yakaokotwa pande zote mbili. Nakijwa alikuwa ameketi ndani ya gari karibu na jeneza, akawaza kwamba mwanawe ameokoka kuburutwa na watu wasiomjua, aje aburutwe na waliomlea.

Ndipo Shekivuli alipokuja akichechemea, aproni ya buchani bado kiunoni, akapanda juu ya gogo. Alianza na maiti, kama mtani anavyopaswa.

“Elieza,” akasema, “ulikwenda kuamua ugomvi wa watu wa mbali, na hapa kwenu ulishindwa kuamua ugomvi wa mama yako na mke wako juu ya sufuria. Ona sasa wamekuja gari moja.”

Watu wakacheka bila kupenda. Hata dereva. Kisha akawageukia vijana, na hapo sauti ikashuka.

“Nani hapa amevunjwa mguu? Haya, nyoosheni. Mguu ni wangu. Chuki hii ni yangu, nimeilisha mwenyewe. Sikumwazima mtu.”

Akamfuata Nakijwa garini, akamwomba kanga aliyojifunika, akaitandaza juu ya bendera mpaka bendera isionekane. Afisa alijua bendera ipo. Vijana waliona kanga ya mama. Kila upande ukapata cha kwenda nacho nyumbani. Shekivuli akashika ncha ya gogo kwa mikono yake, akalivuta kwa mguu ule mbovu, na wale vijana, kwa aibu ya kumwona kilema akivuta peke yake, wakamsaidia. Bila mdomo ule, Elieza asingeingia Vumbwe, au angeingia juu ya damu nyingine.

Alizikwa. Bunduki zilipigwa hewani, mbuzi wakakata kamba wakakimbia, na mheshimiwa wa jimbo akahutubia. Nyuma yake walikuwa wametundika bango lenye picha mbili, yake na ya Elieza, na ya Elieza ndiyo iliyokuwa ndogo. Alisema damu ya kijana huyu imeumwagilia mti wa amani. Nakijwa alikuwa mkulima. Alijua kinachoumwagilia mti, na alijua damu ikimwagika chini huita nini. Huita nzi. Aliitazama midomo ya watu iking'aa mafuta ya pilau, akawasikia wakibishana vinywa vimejaa kama nchi ilipaswa kupeleka askari au haikupaswa, na mmoja akimwita Elieza shujaa huku akinyoosha sahani aongezwe nyama. Akaondoka akaenda kuosha vyombo, kwa sababu vyombo angalau vikioshwa vinatakata.

Siku ya kuanua matanga ikafika. Kigoda cha Elieza kilitolewa uani. Nakijwa alikama, akatia maziwa kwenye kibuyu, akasimama. Shangazi wa ukoo, aliyekuwa msimamizi wa jambo hilo, akatangaza kwamba anayesema alimrudisha Elieza asogee.

Wa kwanza kusogea alikuwa mheshimiwa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amemweleza mila na kumwambia kwamba ingependeza. Alikuja na mpiga picha, akaketi kwenye kigoda, akaeleza kwa tabasamu kwamba kwa kweli aliyemrudisha marehemu ni serikali, kwa ndege yake na mafuta yake, na yeye anapokea kwa niaba. Akanyoosha mkono.

Nakijwa alimtazama.

“Baba, aliyeletwa na serikali nilimwona,” akasema. “Alikuwa na kovu kidevuni. Hakuwa wangu.”

Mtu mmoja akakohoa, na mheshimiwa akakumbuka kwamba ana kikao mjini.

Basi wakabaki wale watatu, na watu wa Vumbwe wakagawanyika kama walivyogawanyika kwa kila kitu. Waliotoka na matawi walimtaka Magesa, wakasema hata mkimchukia askari, mgongo ni mgongo. Wanawake wengi walimtaka Ndeshi, wakasema wanaume walibeba maiti, yeye ndiye aliyembeba Elieza. Vijana wa gogo wakamtaka Shekivuli, na kwa mara ya kwanza wakakubaliana na wazee, kwani ni mtu wa hapa hapa na mtani hula kwenu hata asipoalikwa. Wakaanza kupandishiana sauti. Shangazi akawanyamazisha. Akasema mila haiulizi umati, inamuuliza mama. Na mama huwauliza wao swali moja: ulimleta kwa nini?

Nakijwa akaanza na Magesa. “Mwanangu, ulimbeba akiwa ameshakufa, na wewe ulikuwa hai. Kwa nini?”

Magesa alivua kofia yake. Alisema alimbeba kwa sababu waliapiana kutoachana. Angeweza kuishia hapo, na watu walikuwa wameshaanza kupiga vigelegele, lakini hakuishia hapo. Alisema kwenye kichochoro cha pili alimkuta mwanamke wa nchi ile ameketi ukutani, ameshika paja lake kwa mikono miwili, damu inapita katikati ya vidole. Mwanamke yule alimwita. Alimwita kwa lugha yake, kisha kwa Kiswahili kibovu, akasema kaka, kaka. Alikuwa bado mzima. Kambini kulikuwa na daktari.

“Mgongo nilikuwa nao mmoja, mama,” akasema Magesa. “Na wa kwetu alikuwa ameshapanda.”

Nakijwa akamuuliza yule mwanamke alikuwa wa umri gani. Magesa akasema hajui, labda kama yeye, Nakijwa. Nakijwa aliwaza kwamba walimtuma mtoto wake kulinda watu wale, ndivyo walivyosema, na ili arudishwe ilibidi mmoja wao aachwe ukutani. Na kilichomchukiza kuliko vyote ni kwamba moyoni alikuwa anashukuru.

Akamgeukia Ndeshi. “Na wewe, mkwe wangu?”

Ndeshi alisema kila mtu anadhani alifanya vile ili ampate mume wake. Si kweli. Alipoona jeneza limekuwa jepesi, alidhani labda Elieza hakufa, labda wamekosea jina na yuko hospitali mahali fulani. Alitaka lifunguliwe ili asimkute.

“Nilipomwona yule mwenye kovu nilifurahi, mama,” akasema. “Nilifurahi kama mtu aliyeshinda. Mama yake alikuwa amesimama pale upande wa pili, na mimi nilifurahi mpaka nikacheka.”

Akaongeza, maana alikuwa mtu wa kutochanganya maharage, kwamba yeye bado kijana na hawezi kuapa atakaa mjane. Akinywa maziwa atakuwa mwana wa nyumba hii, atalima, atamzika Nakijwa kwa heshima zote. Lakini huenda siku moja atakuwepo mwanamume mwingine akilala chini ya paa la Elieza, na ni heri mama alijue hilo leo.

Nakijwa alikumbuka kile kicheko cha uwanjani. Alikumbuka pia kwamba chake mwenyewe kilimtoka papo hapo, na kwamba wote wawili walikimeza walipomwona mwanamke wa kusini, mama wa yule mfupi, akivuliwa kilemba.

Akabaki Shekivuli. Hakusubiri kuulizwa.

“Mimi msinipambe,” akasema. “Gogo lile nililikata mimi. Hawa vijana walibeba tu.”

Watu wakaguna. Shangazi akamuuliza, kama alilikata mwenyewe, kwa nini aliliondoa. Shekivuli akasema alilikata akiwa na hasira na kuliondoa akiwa na hasira, na hasira haijamwisha mpaka sasa. Hakumhurumia Elieza. Alichofikiri alipoona lile gari ni kwamba wakigeuza watakwenda kumzika kwenye makaburi ya askari mjini, kwenye nyasi zilizokatwa vizuri, na yeye Shekivuli hatakuwa na wa kumwambia kitu.

“Aliyenivunja simjui hata jina,” akasema. “Nilitaka mmoja wao alale hapa karibu. Nikipita asubuhi kwenda buchani, nimsimamie juu, nimtukane. Na nimeshaanza.”

Ni kweli, alikuwa ameshaanza. Majirani walimsikia. Walisikia pia kwamba akimaliza kutukana huinama kung'oa magugu kaburini, kwa sababu, alivyosema alipoulizwa, hawezi kumtukana mtu aliyefunikwa na majani. Naye ndiye peke yake kati ya watatu wale aliyekuwa akiishi umbali wa kusikia Nakijwa akiita. Tena alikuwa na jembe, na mikono ya kulitumia, mguu hata ungekuwaje.

Umati ukachafuka upya. Wale wa Magesa wakasema mwanamke yule hakuwa wa kwetu. Wengine wakauliza, kama hakuwa wa kwetu, tulimpelekea Elieza wa nini? Wa Ndeshi wakasema kufurahi si dhambi. Wa Shekivuli wakasema kwamba angalau yeye anasema mchana anachofikiri. Mwalimu mstaafu akaanza kueleza heshima ya nchi, akaambiwa akae. Kila mtu alikuwa na la kusema juu ya Elieza, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akimtazama mama yake.

Nakijwa alisimama katikati yao. Maziwa yalikuwa yakipoa na juu yake palishaanza kujikunja utando. Aliwatazama watatu wale mmoja mmoja. Kila mmoja alimletea mwanawe, na lau angekosekana hata mmoja wao, asingekuwa na kaburi la kupalilia. Kila mmoja alikuwa amemletea na uchafu wake juu ya mwili ule ule, na sasa ilimpasa achague ni uchafu upi aishi nao, aite mwanangu, na aachie mikono yake imfukie. Alitamani kukimwaga kibuyu chini, awaache na mabishano yao na pilau lao. Lakini yakimwagwa, Elieza si wa mtu, na watu wasio na mtu ndio hasa ambao kila mpita njia huwasema anavyotaka.

Akainua kibuyu usawa wa kifua. Watatu wale wote wakainua nyuso.

Mimi nilipofikishwa hapa na aliyenisimulia, naye aliniachia hapa hapa, kwa hiyo msinitazame. Yupo aliyemtoa Elieza kwenye kamba na kumwacha mwanamke aliye hai ukutani. Yupo aliyemtambua Elieza kwa kuomba asiwe yeye, akacheka juu ya mtoto wa mwenzake. Yupo aliyemfungulia Elieza njia aliyoifunga mwenyewe, ili ampate wa kumtukana. Usiniambie wagawane, sheria umeisikia. Usiniambie amwage, nayo umeisikia. Wala usianze kunieleza kama askari walipaswa kwenda au hawakupaswa, hayo yamesemwa sana na hayajamzika mtu.

Nakijwa ameshachoka kukishika kibuyu. Wewe uliyekaa hapo ukasikiliza mpaka mwisho, mwambie: nani anywe? Na ukishamtaja, mjibu na la pili, kwa maana ndilo analoliuliza kweli: huyo uliyemchagua, wewe ungekubali akuzike?